Wawili wa 492

Mwaka 1998 nilikuwa mwandishi wa daftari la ndondo mtaani kwetu Ngamiani, Tanga. Cheo hicho nilikipata kwa sababu mbili: mwandiko wangu ulisomeka, na miguu yangu haikufaa kwa lolote uwanjani. Timu zilikuwa nane. Kiingilio kilikwenda kununua mbuzi wa bingwa, na mfungaji bora aliwekewa redio ya betri ambayo mwenyekiti wa kamati aliiweka juu ya rafu dukani kwake, akiipangusa vumbi kila asubuhi ili kila anayekuja kununua sukari aione.

Aliyekuwa akiiendea ile redio ni kijana tuliyemwita Mwewe. Alikuwa na mabao tisa, anayemfuatia sita. Kisha timu moja ikagombana na mwamuzi, wachezaji wakatoka uwanjani na hawakurudi tena. Kamati ikakaa barazani baada ya Isha, ikanywa kahawa na kashata, ikaamua kwamba timu ile imejitoa na matokeo yake yote yafutwe. Mwenyekiti akanigeukia akasema, "Haya mwandishi, futa." Nikapiga mistari bila kufikiri. Kesho yake asubuhi, nilipohesabu upya, ndipo nilipoona kwamba mabao manne ya Mwewe yalikuwa dhidi ya timu ile. Tisa yamekuwa matano, na redio imekwenda kwa mwenye sita.

Mwewe hakumlaumu mwenyekiti. Alininunia mimi, tena kwa miaka miwili. Siku moja tukiwa kwenye foleni ya maji alinisogelea. "Goli nilifunga," akasema. "Kipa alikwenda kuuokota mpira kwenye michongoma, na wewe ulikuwepo unaona. Sasa niambie, limekwenda wapi?"

Nilimwambia kamati ndiyo iliyoamua. Akaniangalia kama mtu anayeangalia chenji pungufu, akachukua ndoo yake akaondoka.

Mwaka 2019 nilikwenda kumtembelea dada yangu, ambaye anaishi nje kidogo ya mji wa Philadelphia. Mwanawe, mpwa wangu wa miaka kumi na miwili, alipochoka kumwona mjomba anasinzia sebuleni, akanikokota uwanjani kutazama besiboli. Nusu saa ya kwanza sikuelewa kitu. Watu walisimama, wakatema mate, wakajikuna, mara wote wakakimbia. Ndipo mpwa wangu akanunua karatasi ya alama na penseli fupi, akanionyesha jinsi ya kujaza: kila mpigaji na kisanduku chake kwa kila zamu, mstari mdogo kwa kila besi aliyofika, herufi na namba kuonyesha ametolewaje. Penseli ilipoingia mkononi, nikawa nimerudi Ngamiani. Sikuinua uso mpaka mchezo ukaisha.

"Mjomba, hata mpira hukuuona," alilalamika tukiwa kwenye gari.

Ni kweli, sikuuona. Lakini usiku ule nilianza kusoma majedwali ya zamani ya mchezo huo, na hadi leo sijaacha. Wapo wanaopenda besiboli kwa sababu ya majani mabichi ya uwanja na mlio wa gongo. Mimi nimeipenda kwa daftari lake.

Kwa ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu (hapa Dar es Salaam tuna uwanja wake Azania Sekondari, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, ila wengi tunapita tu), nitaeleza kidogo. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anausubiri na gongo lake. Akiupiga ukatua ndani ya mistari, wadakaji wasiuwahi, naye akafika besi ya kwanza, kati ya vituo vinne anavyovizunguka hadi kurudi nyumbani alipoanzia, hilo ni pigo salama. Yakusanye mapigo salama yake ya msimu mzima, uyagawe kwa idadi ya zamu alizopiga, utapata wastani wake. Ukitoka 0.300, Wamarekani hawataji sifuri wala nukta. Wanasema mia tatu, na mtu wa mia tatu ni mtu wa kuheshimiwa. Mia nne ni habari nyingine kabisa. Kwa miongo mingi waliambiana kwamba wa mwisho kuifikia katika ligi kuu ni Ted Williams wa Boston, aliyepata 406 mwaka 1941. Nitarudi kwenye hilo "waliambiana".

Sasa, katika jedwali la mwaka 1871, mstari wa juu kabisa, nikakuta jina Levi Meyerle, timu Athletics ya Philadelphia, wastani 492. Nikadhani nimekosea kusoma. Zamu 130, mapigo salama 64. Huyu bwana, karibu kila mara ya pili aliponyanyua gongo, alifika salama.

Nilimuuliza mpwa wangu kama anamfahamu Meyerle, mtu wa mji wake mwenyewe, aliyeishi na kufa humohumo Philadelphia. Hakuwahi kumsikia. Tukafungua orodha rasmi ya rekodi za msimu mmoja. Meyerle hayumo. Hakuandikwa chini, wala hakuwekewa alama ya nyota na maelezo. Hayumo kabisa.

Ikabidi niingie kuchimba.

Ligi aliyochezea ilikuwa ya kwanza ya wachezaji wa kulipwa nchini Marekani. Kulipwa kwenyewe hakukuanza siku hiyo. Miaka miwili kabla, mwaka 1869, Cincinnati walikuwa wametangaza hadharani kwamba timu yao yote inalipwa mshahara, na mdakaji wao George Wright alipokea dola 1,400 kwa msimu. Lakini ligi, yaani timu kadhaa zilizoafikiana kuwania ubingwa mmoja, ilizaliwa New York tarehe 17 Machi 1871. Kiingilio kilikuwa dola 10 kwa timu. Zikaingia tisa. Ratiba haikuwepo: kila timu iliandikiana barua na wenzake na kupanga itacheza lini na wapi. Mechi ya kwanza ilichezwa Fort Wayne, Indiana, tarehe 4 Mei, wenyeji Kekionga wakawafunga Cleveland 2–0, na hao wenyeji hawakumaliza hata msimu. Oktoba, moto mkubwa ukaiteketeza Chicago, ukaunguza uwanja wa timu ya mji huo pamoja na sare zao. Wakaenda kucheza mechi ya kuamua ubingwa huko Brooklyn wakiwa wamevaa nguo za kuazima, rangi mbalimbali, kila mtu na yake. Athletics wakashinda 4–1 na kutwaa ubingwa.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Hii ni ndondo, jamani. Ndondo yenye treni.

Uchezaji wenyewe ungewashangaza wa leo. Wadakaji hawakuvaa glavu, walipokea mpira mgumu kwa viganja vitupu, na vidole vyao vya uzeeni vilikuwa kama mizizi ya tangawizi. Mrushaji alirusha mkono ukiwa chini, akiwa umbali wa futi 45, kama mita kumi na nne hivi. Mpigaji naye alikuwa na haki ya kuagiza: alimwambia mwamuzi anataka mpira wa juu au wa chini, kama wewe unavyoagiza chai ya maziwa au ya rangi, na mrushaji alipaswa kumletea alichoagiza. Meyerle alikuwa mrefu, wakamwita Levi Mrefu, na mirefu hiyo mikono yake ilimfaa kwenye kupiga tu. Kwenye kudaka alikuwa mzigo kwa wenzake. Alicheza mechi 26 msimu ule.

Mechi 26! Hapo ndipo wanaomkataa wanapoanzia, na siwezi kusema hawana hoja. Leo msimu mmoja una mechi 162. Mtu yeyote anaweza kushikwa na upepo mzuri kwa mechi 26. Lakini si hilo lililomwondoa kitabuni. Mwaka 1969, wakati kitabu kikubwa cha takwimu za besiboli kilipokuwa kinaandaliwa, kamati maalumu ilikaa kuamua ni ligi zipi zihesabiwe kuwa ligi kubwa. Ikazikubali sita. Ligi ya 1871 hadi 1875 ikaikataa kwa sababu ratiba zake na taratibu zake hazikuwa na utulivu. Kwa uamuzi huo mmoja, misimu mitano ya watu waliolipwa mshahara, waliosafiri, waliopiga na kudaka, ikawa kama haijachezwa.

Nikamkumbuka mwenyekiti na kashata yake.

Aliyeumizwa zaidi na uamuzi ule, kwa maoni yangu, si Meyerle bali Ross Barnes. Meyerle alikuwa na msimu mmoja wa ajabu. Barnes alikuwa mfalme wa kipindi kizima. Alikulia Rockford, Illinois, akacheza Boston, na mwaka 1872 na 1873 aliongoza ligi kwa kupiga, mara zote mbili akiwa juu ya mia nne. Siri yake ilikuwa pigo moja ambalo leo huwezi kuliona popote, kwa sababu limekatazwa.

Kanuni ya wakati ule ilisema hivi: mpira ukigusa ardhi kwanza ndani ya mistari, ni halali, hata kama baada ya hapo utazunguka kama pia na kutokomea nje kwenye majani. Barnes akajifunza kuukata mpira kwa gongo ili udunde hatua chache mbele yake, ndani, kisha ukimbilie nje upande wa besi ya tatu. Mdakaji aliyesimama mahali pake pa kawaida hana la kufanya. Anaufuata ule mpira mikono mbele kama mtu anayefukuza kuku magharibi, na huku Barnes ameshafika besi ya kwanza, pengine ya pili. Wadakaji wakijisogeza pembeni kumzuia, anapiga kawaida kupitia mwanya waliouacha.

Wapo walioita ujanja wa kitoto. Mimi sikubali. Jaribu kusimama mbele ya mpira unaokuja kwa kasi, na gongo la duara mkononi, halafu uamue si tu utaupiga bali utadunda wapi na utazungukia upande gani. Hiyo ni kazi ya fundi cherehani.

Mwaka 1876 ikaanzishwa ligi mpya, National League, ambayo ipo hadi leo. Barnes akahamia Chicago pamoja na wenzake watatu wa Boston. Msimu huo wa kwanza aliongoza kwa 429, mapigo 138 katika zamu 322, na katika mechi 66 alirudi nyumbani na kufunga mara 126. Tarehe 2 Mei, mjini Cincinnati, alipiga pigo la kuzunguka besi zote nne, la kwanza katika historia ya ligi hiyo. Ligi hii inahesabiwa, kwa hiyo hapa Barnes yumo kitabuni, juu kabisa.

Kabla ya msimu wa 1877 kanuni ikabadilishwa. Mpira unaotoka nje kabla ya kufika besi ya kwanza au ya tatu, hata kama umedunda ndani, si halali. Pigo la Barnes likafa kwa wino. Na kana kwamba hilo halitoshi, mwaka huohuo akashikwa na homa ya vipindi, ya kutetemeka leo, kutoka jasho kesho na kupata nafuu keshokutwa, homa ambayo mama yeyote wa Tanga angeitambua bila kupima. Akacheza mechi 22 tu, wastani 272. Klabu ikamkata mshahara wa siku ambazo hakucheza. Akaishtaki, akashindwa. Alirudi msimu wa 1879 na wa 1881, akiwa kivuli tu cha yule wa zamani.

Hadi leo wanahistoria wanabishana: ni kanuni iliyommaliza, au ni homa? Nadhani ni ubishi wa watu ambao hawajawahi kuumwa. Mwenye homa ile hahitaji kubadilishiwa kanuni ili ashindwe kupiga mpira. Lakini pia mwenye afya aliyenyang'anywa chombo chake cha kazi akiwa na miaka ishirini na sita hawezi kuwa yuleyule. Vyote viwili vilimfika mwaka mmoja. Na kwenye jumba la mashujaa wa mchezo huo, kule Cooperstown, hayumo, kwa sababu mchezaji anatakiwa awe na misimu kumi. Yeye ana tisa, ukimhesabia na ile mitano ambayo kamati iliifuta.

Anayeonekana Cooperstown ni Henry Chadwick. Huyu alizaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, akahamia Brooklyn akiwa mtoto, akawa mwandishi wa kriketi magazetini kabla ya kuipenda besiboli. Hakuwahi kuwa mchezaji wa kutajwa. Kazi yake ilikuwa kuandika alama. Yeye ndiye aliyeisukuma na kuistawisha ile jedwali ndogo ya kila mechi inayotoka gazetini, yeye ndiye aliyeweka herufi K kwa mpigaji aliyekosa mara tatu, na hamu ya kumpima kila mpigaji kwa wastani aliibeba kutoka kwenye kriketi. Karatasi niliyojaza na mpwa wangu ilikuwa mjukuu wa daftari lake. Kwa hiyo mwandishi yumo jumbani, na mpigaji amebaki nje. Nilifurahi nilipolisoma hilo, kwa dakika kama mbili hivi.

Halafu nikamkuta wa pili. 492, tena ileile, tarakimu kwa tarakimu. James O'Neill, jina la utani Tip, mtu wa Kanada aliyechezea St. Louis Browns, msimu wa 1887. Alianza kama mrushaji, mkono haukwenda mbali, akageuzwa kuwa mpigaji. Msimu ule aliongoza ligi yake karibu katika kila kitu kinachoweza kuandikwa: mapigo ya besi mbili 52, ya besi tatu 19, ya kuzunguka zote 14, na wastani wa 492 juu yake.

Mwaka 1887 wakubwa wa mchezo walikuwa wanapika majaribio. Walimnyang'anya mpigaji haki ya kuagiza mpira wa juu au wa chini, na ili kumpoza wakampa nafasi ya kukosa mara nne badala ya tatu. Pia wakaamua jambo ambalo hadi leo linawafanya wahesabuji washike vichwa: besi ya bure, ile anayopewa mpigaji mrushaji anaporusha mipira mibovu mfululizo, ihesabiwe kuwa pigo salama. Yaani umesimama pale na gongo begani, hukuligusa chochote, ukatembea hadi besi ya kwanza, na mwandishi anakuandikia pigo. Wapigaji zaidi ya kumi wakavuka mia nne mwaka huo. Ilikuwa kama mtihani ambao darasa zima limepata A. Kila mzazi alifurahi, na hakuna aliyeamini. Mwaka uliofuata kanuni ikaondolewa.

O'Neill akabaki na 492 yake miaka mingi, kisha wahesabuji wa baadaye wakazitoa zile besi za bure. Mapigo ya kweli 225, zamu 517. Ikashuka hadi 435, na hiyo ndiyo utakayoikuta vitabu vingi vya leo. Kwa uamuzi huu sina ugomvi sana, kwani kutembea si kupiga. Ila O'Neill alicheza akijua kanuni ya mwaka wake. Mtu aliyeambiwa kwamba kusubiri kunalipa sawa na kupiga, kwa nini asisubiri? Hatuwezi kujua zile besi za bure angezigeuza kuwa mapigo mangapi kama angejua kwamba siku moja mtu atakuja kumpunguzia.

Cap Anson wa Chicago ameteseka vilevile na zaidi. Kuna vitabu vinavyompa mapigo 3,435 katika maisha yake yote ya uchezaji, na vingine vinampa elfu tatu na kidogo tu, kutegemea kama unahesabu misimu yake ya 1871 hadi 1875 na unafanya nini na ile 1887. Simwonei huruma, na sababu nitaifikia.

Kabla ya hapo niruhusiwe dakika moja ya Pete Browning, kwa sababu Kiswahili chetu kimempendelea. Browning alikuwa mpigaji wa Louisville, wastani wa maisha 341, mara tatu bingwa wa kupiga. Masikio yake yalikuwa mabovu tangu utotoni, shule ilimshinda, na alikuwa mlevi wa kutisha. Aliyapa magongo yake majina ya kwenye Biblia na kuzungumza nayo, aliamini kila gongo lina idadi yake ya mapigo na likiisha limeisha, na alilitazama jua kwa macho makavu akidai linayaimarisha. Kuna kampuni maarufu ya magongo ya Louisville ambayo husimulia kwamba ilianza mwaka 1884, siku kijana wa karakana alipomchongea Browning gongo jipya baada ya lake kuvunjika. Wanahistoria wakiisikia hadithi hiyo hutabasamu. Mimi nasema hivi tu: katika historia yote ya besiboli hakuna mtu aliyependa gongo kama yeye, maana zote mbili.

Paul Hines naye hachekeshi. Mwaka 1878, akichezea Providence, aliongoza ligi kwa wastani, kwa mapigo ya kuzunguka besi zote na kwa kuwaingiza wenzake nyumbani. Yote matatu kwa mpigo. Lakini mechi za sare hazikuingizwa kwenye hesabu za msimu ule, na ubingwa wa kupiga akapewa Abner Dalrymple wa Milwaukee aliyepata 354. Ilichukua takriban miaka tisini mpaka watu wakazirudia zile karatasi, wakaziingiza mechi za sare, Hines akapanda hadi 358. Alikuwa amefariki 1935. Taji lake lilimkuta kaburini.

Miaka ya 1890 sitaikalia. Mwaka 1893 mrushaji alisogezwa nyuma hadi futi 60 na inchi 6, umbali uliopo hadi leo, na wapigaji wakafunguliwa kama ng'ombe asubuhi. Wastani wa ligi nzima uliokuwa 245 mwaka 1892 ukawa 309 mwaka 1894. Philadelphia walikuwa na wadakaji wa nyuma wanne waliovuka mia nne msimu huo, watatu wa kawaida na wa akiba mmoja, na timu ikamaliza ya nne! Aliyeongoza wote ni Hugh Duffy wa Boston, mtu mfupi, mapigo 237 katika zamu 539. Iliandikwa 438 kwa muda mrefu, wakahesabu tena, ikawa 440. Huyu hesabu ilimwongezea. Kwa kuwa Meyerle hakuhesabiwa na O'Neill alipunguzwa, 440 ya Duffy ikakaa kileleni mwa kitabu rasmi kama rekodi ya msimu mmoja kwa vizazi kadhaa.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kuhusu wale ambao daftari halikuwahi kufunguliwa kwa ajili yao.

Frank Grant alizaliwa Pittsfield, Massachusetts, mwaka 1865. Mtu mweusi. Alichezea Buffalo katika ligi ya daraja la chini kidogo ya zile kubwa, na msimu wake wa kwanza huko, 1886, alipiga 344. Wakimbiaji wa timu pinzani walimrukia na vyuma vya viatu akiwa kwenye besi ya pili. Tarehe 14 Julai 1887, wenye timu wa ligi hiyo walikutana wakapiga kura kwamba wachezaji weusi wasipewe tena mikataba mipya. Siku hiyohiyo, huko Newark, mrushaji mweusi George Stovey aliyetarajiwa kucheza dhidi ya Chicago hakucheza, kwa sababu kiongozi wa Chicago hakutaka kusimama naye uwanja mmoja. Kiongozi huyo ni Cap Anson. Sasa umeelewa kwa nini sihangaiki kama ana mapigo elfu tatu au pungufu.

Ni mwaka uleule, angalia. Mwaka ambao O'Neill aliandikiwa pigo kwa kutembea, ndio mwaka ambao Grant alianza kufungiwa mlango. Alibaki Buffalo hadi 1888, akaendelea na timu za weusi, akafariki 1937, akalala miaka mingi katika kaburi lisilo na alama. Cooperstown walimwingiza mwaka 2006.

Mlango ulikaa umefungwa hadi 1947. Nyuma yake wachezaji weusi waliunda ligi zao, na ligi hizo zilikuwa na kasoro zilezile alizohukumiwa nazo Meyerle: ratiba zisizotulia, misimu mifupi, karatasi zilizopotea. Kamati ya 1969 haikuziweka miongoni mwa zile sita. Desemba 2020 wasimamizi wa besiboli ya Marekani wakatangaza kwamba ligi hizo, kuanzia 1920 hadi 1948, ni ligi kubwa. Mwishoni mwa Mei 2024 takwimu zake zikaingizwa rasmi. Josh Gibson wa Homestead Grays, aliyefariki Januari 1947 akiwa na miaka thelathini na mitano, akapanda juu ya wote kwa wastani wa maisha, 372. Na 466 yake ya mwaka 1943 ikamshusha Duffy. Yale maneno ya kwamba Ted Williams ndiye wa mwisho kufika mia nne nayo yakaisha siku hiyo, baada ya miaka zaidi ya themanini ya kuambiana.

Wapo walionung'unika kwamba misimu ya Gibson ilikuwa mifupi. Ilikuwa mifupi, ndiyo. Nani aliyeifanya iwe mifupi?

Mpwa wangu, ambaye sasa ana ndevu mbili tatu na anajibu ujumbe kwa herufi moja, alinipigia siku ile ya tangazo. "Mjomba, wamebadilisha kitabu." Nikamuuliza kuhusu Meyerle. Akacheka. Meyerle bado hayumo. Wangeweza kumrudisha pia, hoja ya ratiba mbovu imeshavunjika mikononi mwao wenyewe, lakini hakuna anayemdai. Timu yake ya ile ligi ilishakufa, na watu waliouona mpira wake ukipita wamekufa wote.

Mwewe hajafa. Anauza vipuri vya pikipiki Barabara ya Nane, ana tumbo na wajukuu wawili, na uhasama wetu uliisha zamani, siku aliponikuta msibani kwa baba akabeba jeneza pamoja nami. Juma lililopita nilimpigia. Nilimsimulia yote haya, Meyerle na moto wa Chicago na sare za kuazima, kamati ya 1969, O'Neill na besi zake za kutembea. Alinisikiliza kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, huku nikisikia mtu dukani kwake akiulizia plagi.

"Lile daftari unalo?" akaniuliza.

Ninalo. Lipo kwenye sanduku la marehemu mama, pamoja na vyeti.

"Yale manne yangu uliyakata kwa kalamu au kwa penseli?"

"Kwa penseli, kaka. Ila mabao yenyewe niliyaandika kwa kalamu."

"Basi yanasomeka," akasema, akamgeukia mteja wake.